Nusu Saa na Kiti Kimoja

Binamu yangu anafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji wa Kakamega. Majuzi usiku alinitumia ujumbe: "Dada, nitajie tamthilia fupi za waandishi wa siku hizi. Fupi kabisa. Sitaki za mtihani." Nikamwahidi kwamba ataipata orodha kabla sijalala. Nikachukua kalamu, nikaandika jina la kwanza, la pili, la tatu, kisha nikaitazama ile karatasi nikanyamaza. Mwingereza, Mwingereza, Mmarekani. Mimi niliyezaliwa Nakuru, nikasomea Siaya, na sasa naishi Kisumu ambako kila Jumamosi nakaa na kundi la waigizaji huku Nyalenda, naulizwa mchezo mzuri wa nusu saa na unaonijia kwanza umetoka London.

Nimechukua wiki mbili kumjibu. Jibu lenyewe ni hili, na nimeliandika hadharani kwa sababu najua kuna walimu na vijana wengi wanaouliza alichouliza yeye.

Anataka fupi, na anayo sababu. Wengi wetu Kenya hukutana na tamthilia kama kitabu teule. Unaisoma miaka miwili, unachambua maudhui, ploti, sifa za wahusika na mbinu za lugha, unaeleza muktadha wa dondoo, na siku unapotoka chumba cha mtihani mmeachana nayo. Nawajua watu wanaoweza kukutajia sifa nane za mhusika ambaye hawajawahi kumsikia akisema neno kwa sauti. Tamthilia ndefu haiwezi kuwatibu, kwa kuwa haitaigizwa. Itaigizwa na nani? Kundi letu lina watu tisa kwenye daftari. Jumamosi wanafika watano, kwa maana mmoja ana zamu hospitalini, mwingine anaendesha tuktuk na saa kumi jioni ndiyo saa ya abiria, na wawili wana matanga Siaya. Ukumbi tunaukodi kwa saa mbili. Stima ikipotea, tunafungua madirisha na kuendelea mpaka giza litushinde. Tamthilia ya wahusika kumi na saba inatuacha nje. Ya watu wawili na stuli tutaimaliza, na tutabaki na muda wa kubishana juu yake huku tukinywa chai.

Tena ufupi una ustadi wake. Mchezo mrefu una nafasi ya kukueleza watu hawa ni akina nani, wametoka wapi, wamekoseana nini. Mchezo mfupi unakuta mambo yamekwisha kuharibika wakati wewe bado unatafuta pa kukaa. Huelezwi, unachungulia. Ndiyo maana naupenda, na ndiyo maana mwandishi asiyeujua hujaza maelezo mdomoni mwa wahusika mpaka wanazungumza kama risala.

Nikiambiwa nibebe mmoja tu, nitabeba Mountain Language wa Harold Pinter, ulioigizwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Unakwisha ndani ya dakika 25 hivi. Wanawake wamesimama siku nzima kwenye theluji nje ya ukuta wa gereza wakingoja kuwaona waume na wana wao. Bibi mzee ameumwa na mbwa wa askari, kidole gumba kinakaribia kung'oka. Ofisa anauliza: mbwa aliyekuuma anaitwa nani? Kila mbwa ana jina, anasema, na mbwa hutaja jina lake kabla ya kuuma. Kisha wanatangaziwa kwamba lugha yao, lugha ya milimani, imekufa na ni marufuku kuitamka. Ndani ya gereza yule bibi anakalishwa mbele ya mwanawe. Anataka kumwambia amemletea mkate. Hana lugha nyingine ya kumwambia, na kila akifungua mdomo mlinzi anamdunga.

Pinter alikuwa amekwenda Uturuki mwaka 1985 pamoja na Arthur Miller, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, akayasikia ya Wakurdi waliokatazwa lugha yao. Lakini mchezo haumtaji Mkurdi wala Mturuki. Hapo ndipo ulipotuingia.

Tulipoketi kuusoma, swali la kwanza lilikuwa lugha ya milimani iwe ipi. Pinter ameandika Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na kuonyesha tu kwamba bibi anazungumza kwa lafudhi nzito ya shamba. Sisi tulikuwa na zaidi ya lafudhi. Mama mmoja wa kundi letu, mkaazi wa Nyakach aliyezidi miaka sitini, akasema yeye ataisema kwa Dholuo. "An gi makati." Nina mkate. Nikawaza jinsi hilo neno makati lilivyotoka kwa Kiswahili likakaribishwa na kukaa.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Askari waseme nini? Tulijaribu Kiingereza, hakikukaa. Askari wa Kenya hamfokei mama mzee kwa Kiingereza. Anamfokea kwa Kiswahili. "Wewe mama! Simama hapo! Unaongea nini?" Kijana wa tuktuk alipoitamka sentensi hiyo, kila mtu chumbani alijua ndiyo yenyewe, na mimi moyo ukaniuma. Kiswahili ndicho ninachokipenda kuliko kitu chochote nilichofunzwa. Nimekitetea mezani, nimekiandika usiku, nimekifundisha watoto wa jirani bila malipo. Sijawahi kukiwaza kama sauti ya mtu mwenye rungu. Lakini katika nchi hii ya ziwa, kwa wazee wengi, Kiswahili kilifika kwanza kikiwa kimevaa sare: sauti ya karani wa kodi, ya kizuizi cha barabarani, ya seli. Mchezo wa dakika 25, ulioandikwa na Mwingereza ambaye huenda hakuiwaza Nyanza hata siku moja, ndio ulionionyesha.

Mama wa Nyakach alipomaliza kusoma akatuambia habari ya diski. Alipokuwa msingi, mtoto aliyesikika akisema Dholuo alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenzake akisema Dholuo ampokeze. Jioni waliokivaa walichapwa. Alisema fimbo ilisahaulika haraka, lakini hakusahau jinsi alivyojifunza kuwatega marafiki zake wazungumze. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha zetu za kienyeji, na hilo ni jema. Lakini mwishoni mwa mchezo wa Pinter mlinzi anamwambia mfungwa kwamba amri imebadilika, sasa bibi anaruhusiwa kusema lugha yake. Mwanawe anamsihi aseme. Bibi anakaa kimya tu. Tuliusoma ukurasa huo mara tatu Jumamosi ile, na mara zote tatu mama yetu aliacha kimya chake kirefu kuliko maandishi yalivyotaka. Sikumzuia.

Binamu, huo uanze nao. Uwaachie wanafunzi wachague lugha ya milimani wao wenyewe. Kakamega utapata Kiisukha, Kiidakho, Kitiriki, Kinyore, na ubishi wa kuchagua utakuwa nusu ya somo.

Wa pili ni wa Caryl Churchill. Ameandika tamthilia nyingi fupi, na A Number ya mwaka 2002, ya baba na wanawe walionakiliwa maabara, ni nzuri kwa waigizaji wawili waliokomaa. Lakini ninayokupa ni Seven Jewish Children ya mwaka 2009. Inachukua dakika kumi. Aliiandika wakati wa vita vya Gaza vya majira yale, na wapo walioilaumu vikali wakisema inawaonea Wayahudi, wapo walioitetea kwa nguvu ileile. Isome uamue mwenyewe. Ninachotaka ukione ni jinsi ilivyojengwa. Haina majina ya wahusika wala haigawi nani aseme nini. Kuna watu wazima wanaoshauriana mtoto wa kike aambiwe nini, kwa vipindi saba vya historia, na karibu kila mstari unaanza na "mwambie" au "usimwambie". Mtoto mwenyewe hatumwoni. Churchill aliruhusu yeyote aiigize bila kulipa, mradi asitoze kiingilio na mchango ukusanywe kwa ajili ya Medical Aid for Palestinians.

Tulipomaliza kuisoma nikawagawia kundi vikaratasi. Nikasema: Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi. Mlikuwa watoto au mlikuwa na watoto. Andikeni mliyoambiwa, na mliyofichwa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, Nakuru, mtaa wa Kaptembwo. Niliandika: Mwambie ni fataki za mwaka mpya. Mwambie fataki zimechelewa. Usimwambie kwa nini tunalala chini ya kitanda. Mwambie lori linatupeleka kwa nyanya. Mwambie tutarudi shule zikifunguliwa. Usimwambie nani anaishi nyumbani kwetu sasa. Mwenzangu aliyekulia Kondele alikuwa ameandika mstari mmoja tu: Mwambie kaka amelala. Jirani yake kwenye duara, ambaye wazazi wake walikuwa na duka Kisumu wakafukuzwa, kwa kuwa si Wajaluo, alikuwa ameandika: Mwambie hawakujua ni letu. Tukazisoma zote mfululizo, kila mtu kikaratasi kisicho chake, bila kutaja mwandishi. Dakika sita hivi. Katika miaka yote niliyokaa na kundi hili, sijasikia kitu kilichonishika namna ile, na hatujawahi kukiigiza mbele ya watu. Labda bado. Vikaratasi viko kwenye bahasha, kabatini kwangu.

Kwa mwigizaji wa kike aliye tayari kubeba jukwaa peke yake kuna random ya debbie tucker green, mwaka 2008 (mwandishi mwenyewe huandika jina lake na la mchezo kwa herufi ndogo). Mwigizaji mmoja anakuwa dada, kaka, mama na baba wa familia moja ya watu weusi London, asubuhi ya kawaida, uji kuungua, simu kuchelewa kujibiwa, mpaka polisi wanapogonga mlango kuhusu kaka. Inakaribia saa nzima, kwa hiyo inazidi kipimo chako kidogo. Lugha yake ni ya mtaani, imekatwakatwa, nayo haikubali Kiswahili sanifu. Binti mmoja hapa ameigeuza kurasa tano za kwanza kwa Kiswahili cha Nyalenda, na imesimama. Tangu Juni 2024, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha na wengine wasirudi nyumbani, hawezi kuufikia mlango ule bila kusimama kwanza. Tunamngoja.

Suzan-Lori Parks nitamtaja haraka. Ni mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Pulitzer ya tamthilia, mwaka 2002, na Novemba ya mwaka huohuo alianza kuandika mchezo mmoja kila siku kwa mwaka mzima. Ukazaliwa mkusanyo wa 365 Days/365 Plays. Mingine ni ya dakika mbili. Si yote iliyofaulu, na isingewezekana, lakini ni mizuri ya kufungulia mazoezi. Na mwanafunzi akikuambia hana muda wa kuandika, mwonyeshe kitabu hicho.

Sasa nirudi nyumbani, na hapa ninaomba usinikimbie kwa kudhani unawajua hawa kwa sababu uliwasoma chuoni.

Ebrahim Hussein wengi wanamjua kwa Kinjeketile. Wachache wamefungua kile kijitabu cha mwaka 1976 chenye Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Ni michezo miwili mifupi ya mtu mmoja mmoja, kwa lugha ya ushairi. Mtambaji mmoja anabeba sauti zote, kama nyanya anavyofanya jioni, isipokuwa hapa nyanya anakuambia habari za uhuru na yaliyofuata uhuru. Katika Ngao ya Jadi kuna joka Sesota, na sitakuharibia. Nilipousoma kimoyomoyo sikuuelewa. Nilipousoma kwa sauti nikiwa nimesimama jikoni, mwili ulielewa kabla ya kichwa: mahali pa kupumua pameandikwa ndani ya mistari. Kwa mwalimu asiye na waigizaji, asiye na maleba, asiye na chochote ila mtoto mmoja mwenye sauti, sijui zawadi kubwa kuliko hiyo katika Kiswahili chote.

Na kama unataka mtu wa pwani ya Tanzania aliyetutazama sisi wa huku akatuandika, tafuta Kwenye Ukingo wa Thim, ya mwaka 1988, ya Hussein huyohuyo. Thim ni neno la Dholuo, porini, nyikani. Inatokana na ile kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akavutana mahakamani na ukoo wa Umira Kager kwa miezi mitano, mpaka ukoo ukamzika Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Shule niliyosoma haiko mbali na huko. Wazee wanaizungumza kesi hiyo mpaka leo kama ya juzi. Si fupi kama unavyotaka, lakini soma mabishano ya kugombea maiti kwa sauti mbili, uone darasa litakavyogawanyika.

Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, mwaka 1995, inawafaa vijana wanaopenda mambo yasiyo ya kawaida. Watu wawili, Ame na Zidi, wanaishi pangoni wakitegemea misaada, wanakula, wanalala, wanaota. Majina yao ukiyaunganisha yanatoa hukumu ya mchezo mzima. Chukua nusu saa ya mwanzo. Waigizaji wachanga huikimbiza, wakidhani upuuzi wa wale wawili unataka kelele. Inataka utulivu kabisa.

Masaibu ya Ndugu Jero, tafsiri ya mchezo wa Wole Soyinka wa mwaka 1960, ndio utakaochekesha kuliko yote: nabii wa ufuoni Lagos anayewaita waumini wake wateja na kumkimbia mwanamke anayemdai pesa. Ukiuigiza Dunga, ufukweni, wasikilizaji watakumalizia mistari. Lakini naomba jambo moja. Mfuasi wa nabii, Chume, anaomba mchezo mzima aruhusiwe kumpiga mkewe, na nabii anamruhusu siku inapomfaa yeye. Watu watacheka hapo. Usiwaache wacheke wakapita. Sisi tulimwambia mwigizaji wa mke, Amope, asikimbie. Asimame awatazame waliocheka. Ukumbi ulinyamaza, na kuanzia hapo nabii hakuchekesha tena vilevile. Naamini mchezo uliongezeka, haukupungua.

Halafu Francis Imbuga, mtu wa Maragoli, aliyezaliwa 1947 na kutuacha 2012. Betrayal in the City ya mwaka 1976 ni ndefu, ilifika hadi tamasha la FESTAC, Lagos, 1977, na vizazi vya wanafunzi wameifanyia mtihani. Sahau mtihani. Chukua onyesho la seli tu, Jere na Mosese, na askari anayeingia na kutoka. Watu watatu, benchi, dakika kumi na tano. Linasimama lenyewe kana kwamba liliandikwa hivyo. Imbuga alijua kuweka kicheko mahali ambapo mtu hatarajii kucheka, na onyesho hilo ndilo lililonifundisha kwamba mfungwa anaweza kuwa mwenye furaha zaidi jukwaani. Ni kazi ya Kiingereza, najua. Darasani unaweza kuitafsiri kwa mazoezi.

Kuhusu ruhusa: kuketi duara na kusoma kwa sauti na wenzako hakuna tatizo. Ukitoza kiingilio au ukialika umma, mwandikie mwenye haki, mara nyingi kupitia mchapishaji, umweleze mko wangapi na mnatoza nini. Sisi tumeandika mara mbili, mara zote tukajibiwa kwa heshima.

Hiyo ndiyo orodha. Sasa nikuambie kwa nini ilinikalia vibaya.

Michezo mifupi bora niliyowahi kuitazama haimo humo. Niliitazama kwenye tamasha la drama la shule. Tamasha hilo lilianza kabla ya uhuru. Kila mwaka, kuanzia kanda hadi taifa, walimu wetu huandika michezo mipya, mifupi kwa lazima kwa kuwa saa ya mwamuzi inahesabu. Nimeona mchezo kutoka Bungoma uliofanyika wote ndani ya foleni ya maji. Nimeona mwingine wa wasichana wa Homa Bay, ndani ya mashua, bila mashua. Sidhani kuna mahali duniani panapozalisha tamthilia fupi nyingi hivi kwa msimu mmoja. Na mwezi Aprili ukipita, maandishi hurudi kwenye faili la mwalimu, faili hurudi kwenye kabati, na mwaka unaofuata kabati linahitajika kwa kitu kingine. Ni michache mno inayochapishwa. Kwa hiyo London ninaweza kukupa kwa kiungo cha simu, ila Bungoma ninaweza tu kukusimulia.

Aprili 2025 tamasha la taifa lilikuwa Nakuru, mji nilikozaliwa. Wasichana wa Butere walifika na Echoes of War ya Cleophas Malala, baada ya Mahakama Kuu ya Kisii kuagiza waruhusiwe. Malala alikuwa amekamatwa. Polisi walifyatua vitoa machozi kuwatawanya watu. Wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Mwaka 2013 shule hiyohiyo na mwandishi huyohuyo walikuwa wamezuiwa na Shackles of Doom mpaka mahakama ikaingilia. Wiki ile kila mtu Kisumu aliuzungumzia mchezo huo, kwenye matatu, sokoni Kibuye, saluni. Mimi pia niliuzungumzia, kwa hasira, na nilikuwa sijausoma. Hata waliokuwa wakiutetea pamoja nami hawakuwa wameusoma. Tulikuwa tunatetea kurasa ambazo hatujawahi kuzishika, na hilo limenikera kila siku tangu wakati huo.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka 2012, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika mchezo wa nusu saa. Familia inakutana kuamua kama itauza shamba alilozikwa baba ili kulipa karo ya kitinda mimba. Katikati kuna kiti kitupu, cha baba. Kila mtu anakizungumzia kiti, hakuna anayezungumza na mwenzake. Mwisho mama, ambaye hajasema neno mchezo mzima, anakwenda kukikalia, na anasema sentensi moja. Pazia. Tulifika ngazi ya mkoa. Mwalimu alifariki miaka mitano baadaye. Niliporudi shuleni kuuliza maandishi, chumba cha faili kilikuwa kimevuja mvua misimu miwili na karatasi zilikuwa zimetolewa zikachomwa.

Tangu Machi tunaurudisha. Nimewatafuta waliokuwa wahusika mmoja mmoja: kaka mkubwa anauza simiti Bondo, shangazi ni muuguzi Eldoret, mjomba yuko Qatar na hutuma sauti usiku wa manane. Kila mmoja anayakumbuka maneno yake, na kwa mshangao wangu anayakumbuka na ya aliyemtangulia, kwa sababu alikuwa akiyangoja. Tumefika kurasa kumi na tisa zilizochapwa. Zinazobaki si zaidi ya mbili.

Sentensi ya mwisho ndiyo hatuna. Mama nilikuwa mimi. Mwalimu aliibadilisha usiku wa kuamkia mashindano, kwenye bweni la shule tuliyolala, kwa mwanga wa tochi, na kichwani mwangu ya zamani na mpya zimechanganyika mpaka siziamini zote mbili. Nimeandika matoleo matatu. Hakuna lililo lenyewe. Nalijua kwa sauti yake linapokosekana.

Kitinda mimba wa mchezo ule sasa ni fundi wa simu Busia. Alikuwa amepiga magoti karibu na kile kiti, kichwa kwenye paja langu, niliposema. Amesema Jumamosi hii atafunga duka saa nne apande matatu. Kiti tumekiazima kanisani.